Mawe Yanapokua

Kiongozi wetu wa watalii pangoni huimaliza hadithi ya ngome iliyo juu ya pango kwa pumzi moja: "Ile ngome, ilibomoka, twendeni!" Haraka yake yote ni ya kushuka chini. Mimi hufuata nyuma na taa ya akiba, kwa hiyo namjua kwa mgongo: mpana, na mfuko wa kushoto wa koti umetuna daima. Tukifika kwenye ukumbi mkubwa, chini kabisa ya mpaka wa Italia, huinua kidole kinene kinachong'aa mafuta, huzima taa na kunong'ona, "Kimya, jamani. Sikilizeni mawe yakikua." Na kweli, gizani husikika nyam, nyam, nyam. Wageni wa kutoka mji wa Trieste, ng'ambo ya mpaka, husisimka mwili mzima.

Jumapili moja mkewe, Milojka, anayempikia supu ya kabichi tupu tangu daktari amkataze nyama ya nguruwe, alijichomeka katikati ya wageni. Giza likaingia, mawe yakaanza kukua.

"Baba watoto," sauti ya Milojka ikasema, "mbona hilo jiwe linanukia paja la nguruwe?"

Mawe yakaacha kukua. Kisha kiongozi, kwa upole: "Nyoosha mkono, mama. Lipo la kutosha."

Siku hizi Milojka hushuka nasi kila Jumapili, na wageni huapa kwamba mawe yanakua mara mbili zaidi ya zamani.