Tulizunguka mlima wa mawe na dada yangu, na huko nyuma ndiko akaniambia anarudi ocha, kijijini

Wakuu, niaje.

Hii ni ndefu kidogo na naiandika nikiwa mchovu, kwa hivyo mnivumilie. Sijaongeza wala kupunguza. Vile ilienda ndivyo nasema.

Mimi ni fundi wa welding, nakaa Laini Saba, hapa Kibera. Mageti, madirisha, kitu ya kukuweka kwa moshi siku nzima. Dada yangu mkubwa, tumuite Nekesa, anakaa Kongo, kule Kawangware. Mama yetu alituacha nikiwa primary, na Nekesa ndiye alinileta Nairobi akanilea. Amefulia watu nguo tangu nimjue. Mume wake alikufa kitambo, watoto akawasomesha peke yake. Lastborn juzi tu amemaliza Form Four.

Sasa kuna jamaa, Kevo, anauza viatu vya mitumba Makina. Huyo ndiye hupanga hike zetu, matembezi ya kikundi huko milimani. Safari hii akasema tunaenda kuzunguka mlima wa mawe, huko mbele ya Athi River. Si kupanda juu na kushuka. Unauzunguka wote hadi unatokea pale ulianzia.

Nikaambia Nekesa twende, nikijua atakataa.

Akakubali hapo hapo. Hiyo ilifaa kunishangaza.

Asubuhi ilikuwa poa. Upande wa mbele ni nyasi na mbuzi za watu, njia imenyooka, kila mtu anapiga picha. Nekesa alivaa raba za kijana wake na leso kichwani. Hakuwa anaongea sana.

Shida ilianzia upande wa nyuma. Huko hakuna njia ya maana. Ni mawe tu, mengine makubwa kama fridge, mengine ukikanyaga yanacheza. Jua nalo likatushika. Wenzetu wakaanza kutupita mmoja mmoja, tukabaki wa mwisho.

"Nimechoka, Wanjala," akasema.

"Bado kidogo tu, sis. Tukipita hiyo kona ni mteremko."

Nilikuwa nadanganya. Hiyo kona sikuwa nimewahi kuiona maishani.

Tukaipita. Mawe zaidi. Akasema tena amechoka, nikampa maji nikamwambia yeye ni strong, asikate tamaa. Unajua zile maneno.

Akanirudishia chupa bila kunywa.

"Sisemi mlima," akasema. "Nasema Nairobi. Narudi nyumbani. Kwa mama mkwe kuna nyumba na kashamba, ameniambia niende tu. Nilikuja leo nikuambie mahali hakuna jirani wa kusikiliza."

Wakuu, nilihisi vibaya. Nikaanza kubishana na yeye hapo kwa jua. Nikamwambia sasa watoto wamemaliza shule ndio angeanza kupumzika hapa. Nikamwambia ahamie Kibera karibu na mimi. Nikamwambia ocha atazeeka mbio. Nilikuwa naongea nikipanda mawe, yeye nyuma yangu kimya, na nilidhani nashinda.

Ndipo tukafika kwa jiwe moja kubwa, laini, limelala kama paa la mabati. Lazima ulivuke ndio uendelee, na chini yake ni shimo la miiba na mawe. Wenzetu walikuwa wameshavuka.

Mimi ndiye nilitangulia, na nikafika katikati nikakwama.

Sijui niseme aje. Miguu ilikataa. Nilikumbatia hilo jiwe, jasho linaingia macho, nikitaka kurudi siwezi, nikitaka kuendelea siwezi. Mtu wa kupanda juu ya nyumba za watu kila siku na welding mkononi.

Nekesa hakunicheka. Alivua raba, akazifunga shingoni, akaja miguu tupu polepole hadi nikahisi mkono wake kwa mgongo.

"Usiangalie chini. Weka mguu wa kushoto hapo kwa ufa. Haya. Sasa huo mwingine."

Aliniongelesha hivyo hadi ng'ambo. Sauti ile ile alikuwa anatumia nikiwa mtoto nikikataa kulala.

Tukakaa chini ya kivuli cha jiwe. Niliona aibu. Nikageuka nimshukuru, nikapata amelala. Ameketi tu, kichwa kimeegemea jiwe, mdomo wazi kidogo, mikono imelala kwa mapaja.

Ni hiyo mikono niliangalia. Ngozi ya vidole imechubuka na sabuni hadi imekuwa nyeupe, viungo vimefura. Nimekula kwa hiyo mikono miaka yote na sikuwa nimeiangalia vizuri.

Nikavua jacket nikamshikia jua lisimfikie, maana kivuli kilikuwa kinasonga.

Kevo akapiga simu. "Mko wapi? Gari inataka kuondoka."

"Endeni," nikamwambia.

"Mtarudi aje?"

"Tutaona. Sis amelala, siwezi mwamsha."

Alilala muda mrefu. Mkono wangu ulikufa ganzi. Alipoamka aliangalia jacket, akaniangalia, halafu akauliza kama gari imetuacha. Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo.

Tukamalizia kuzunguka pole pole. Sikumbishia tena. Nilimuuliza tu kama kwa mama mkwe kuna maji karibu, akasema kuna kisima, na atafuga kuku. Huko barabarani dereva wa lori la mchanga akatuhurumia akatubeba hadi mjini, jua likizama, tumejaa vumbi hadi kwa masikio.

Nilimsindikiza mwenyewe hadi Bungoma, kwa huyo mama mkwe, na vitu zake. Siku ya kwanza huko, mjomba wetu aliyekuja kutusalimia akaniita kando.

"Kwani dada yako ameshindwa na Nairobi?"

"Hajashindwa," nikamwambia. "Amemaliza."

Nekesa alikuwa anapanga sufuria karibu na mlango. Aliposikia hivyo aliacha kupanga akasimama kidogo.

Sasa nimerudi Laini Saba na sitadanganya, ni upweke. Jumapili sijui niende wapi. Kongo sina mtu.

Nilichojifunza ni kimoja. Mtu wako akikuambia amechoka, usikimbilie kumpa moyo. Muulize kwanza amechoka na nini, halafu unyamaze akujibu.

Walio na dada, mama ama yeyote aliyewabeba hadi mkasimama, mniambie: mlijuaje wakati wa kumwacha apumzike? Niko hapa nasoma.