Bafle Mbili za Rachida

Siku mama yangu alipoinuka kwenye kiti akamjibu mtu aliyekuwa ndani ya televizheni, nilijua nimepatikana.

Mama hakuwa na kosa. Kosa lote ni la binti aliyeniuzia bafle, yaani spika.

Ngojeni niwaeleze vizuri.

Naitwa Iliasi, wa hapahapa Kasongo, Kongo yetu. Kazi yangu ni kubeba sabuni na mchele kwa pikipiki, nikawauzie wachimba dhahabu kule Salamabila.

Mwaka jana dada yangu Safi aliolewa Kabambare. Siku hiyo mama yetu, Mama Waridi, alikuwa hospitali, malaria imemlaza chali, dripu mkononi. Harusi ya binti yake wa pekee ikampita hivihivi.

Baadaye tukaletewa video kwenye flash. Nikaiweka kwenye televizheni yetu mpya, ile bapa kama sinia.

Picha, bila kasoro. Sauti sasa! Watu wanaongea kama nzi waliofungiwa kwenye kopo.

Mama alitazama mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Iliasi mutoto yangu, mi naona midomo tu."

Iliniuma, jamani.

Kesho yake nikatia flash mfukoni, huyo, sokoni.

Duka la kwanza lilikuwa la bwana mmoja, Asani. Bafle zake zilinifika kiunoni, zina mataa ya kila rangi yanakimbizana. Akafungulia muziki. Buum! Meno yakanicheza mdomoni.

"Home cinema ya wakubwa hii, kaka! Nyumba yote itatetemeka!"

Nilishalewa. Mkono ulikuwa njiani kuelekea mfukoni. Kwa bahati nikamwomba aweke kwanza video yangu.

Mjomba wangu alipoanza kutoa nasaha kwa bibi harusi, ilikuwa kama mtu aliyefunikwa na pipa.

"Video yako ndiyo mbaya," Asani akasema.

Nikatoka.

Mwisho kabisa wa soko kuna kijiduka cha fundi redio, Papa Djamali. Mzee alikuwa anasinzia. Binti yake, Rachida, bisibisi ameibana kwenye meno, alikuwa anafungua redio ya mtu.

"Unatafuta kelele ao unatafuta sauti?" akaniuliza, hata sijasalimia.

"Sauti," nikajibu.

Akanitolea bafle mbili za mbao, zilizokwisha kutumika, zimechubuka pembeni. Bei yake robo ya zile za Asani.

"Hazina mataa?" nikauliza.

"Masikio iko na kazi gani na mataa? Gonga hapa. Ikilia kama kopo tupu, acha. Kisha sikiliza sauti ya mutu unamujua. Muziki itakudanganya. Mutu yako, hapana."

Nikampa flash, nikamwambia ni harusi ya dada yangu. Mjomba akafungua mdomo, na mimi nikageuka kutazama mlangoni. Wallahi nilidhani ameingia.

Rachida aliitazama ile harusi mpaka mwisho.

"Na mama yako hakufika?"

"Hakufika. Na nyumbani ameona midomo tu."

Akanifungia bafle na ampli ndogo ya kukuza sauti, akaweka alama nyekundu kwenye waya ili nisipotee.

Nikafika nyumbani, nikaunganisha kama alama zinavyosema. Sauti nyembamba, haina kifua! Mjomba anaongea kila mahali na hayupo popote.

Nimepigwa!

Nikarudi kwa moto. Rachida hakubishana. Akaja kwetu pamoja na baba yake, kama adabu inavyotaka. Mzee akapewa chai. Binti akachuchumaa nyuma ya bafle moja, akabadilisha nafasi za waya mbili.

"Moja ilikuwa inasukuma, ingine inavuta," akasema. "Zilikuwa zinauana."

Akabonyeza.

"Dada yangu Waridi," mjomba akanguruma, sauti ikajaa chumba kizima, "huko uliko, mutoto yako ameolewa!"

Mama akasimama wima.

"Nimesikia, kaka! Niko hapa!"

Halafu akapiga kigelegele ambacho majirani walikisikia mpaka barabarani. Wakaja mbio.

"Nani anaolewa?"

"Safi!"

"Lakini Safi si aliolewa mwaka jana?"

"Kwangu ameolewa leo!"

Basi ikawa harusi. Watu walicheza mpaka mkeka ukachanika. Rachida naye akacheza, bisibisi juu, anacheka.

Hapo ndipo niliposhikwa.

Wiki mbili baadaye bafle zikaharibika. Yaani niliziharibu: niligeuza zile waya mwenyewe, nikaita fundi. Rachida akaja, baba yake akanywa chai, yeye akatengeneza, wakaondoka.

Wiki iliyofuata zikaharibika tena.

Rachida akachungulia nyuma ya bafle, akainuka taratibu.

"Mama Waridi, panya wa humu ndani wanajua kutumia bisibisi?"

Mama akaangua kicheko. Papa Djamali akaweka kikombe chini.

"Kijana, chai yenu nimeinywa mara tatu. Kama uko na neno, sema. Tumbo yangu imejaa."

Nikasema. Niligugumia kama redio mbovu, lakini nilisema.

Tulioana baada ya Idi. Mama safari hii hakuugua. Kwenye video mimi hata sionekani, maana amecheza mbele ya kamera mwanzo mpaka mwisho.

Sasa sikieni hii.

Juzi tumekaa sebuleni, mke wangu akaniuliza, "Iliasi, ile mara ya kwanza, unafikiri nani aligeuza waya?"

"Si mimi, nilikosea?"

"Alama nyekundu niliifunga mimi. Upande usiofaa. Makusudi."

"Makusudi! Kwa nini?" nikauliza.

"Watu wote wanakuya dukani na muziki," akasema. "Weye ulikuya na harusi ambayo mama yako hakuisikia. Nilitaka kuwa pale akiisikia." Akatabasamu. "Na weye pia ulikuwa muzuri, kidogo."

Kidogo!

Basi ndugu zangu, bafle hazinunuliwi kwa macho. Beba sauti ya mtu unayempenda, mwambie muuzaji aiweke, ufumbe macho, usikilize. Ukishasikia vizuri, fumbua.

Huwezi jua ni nani amesimama mbele yako.