Sinia la Mkate Mikononi mwa Kobus

Ukifungua mfuko wa mkate mweupe wa dukani, ule uliokatwa vipande tayari, harufu hukuwahi kabla mkono haujaingia: unyevu, hamira na plastiki kwa pamoja. Vijana wangu wa karakana hapa Troyeville huununua spaza, kiduka cha mtaani, kila asubuhi, wakaula na chai ambayo mimi kwa dini yangu siinywi. Nikiisikia harufu ile naacha cherehani, natoka nje. Wao hudhani mzee kaenda kupunga upepo. Upepo gani? Naenda kupoza wivu. Ndiyo, wivu, kwa umri huu, na ninayemwonea ni mtoto ambaye sasa, kama yu hai, ana kitambi na meno ya bandia.

Mimi si msomi. Darasa la nne lilinitosha, au tuseme sisi wawili tulichokana. Lakini viti vya magari ninavyoshona vinakaliwa na wenye digrii kule Sandton, na hajarudi hata mmoja kulalamika. Kwa hiyo nivumilieni, nieleze kwa Kiswahili hiki cha Baba, aliyetoka Tukuyu kuja kuchimba dhahabu akagoma kurudi.

Migodi ilipomchosha, Baba akawa mtunza bustani wa familia moja ya Wazungu upande wa Bezuidenhout Valley. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Tukaishi chumba cha uani, mimi kwa kujificha, maana sheria ya ubaguzi ya wakati ule haikutaka kuniona pale. Wazungu wale walikuwa Wamormoni, watu wa kanisa lililotoka Marekani. Majirani walishangaa siku walipompakia Baba garini kwenda naye kanisani kwao, na walishangaa zaidi alipoipenda imani ile kwa moyo wake wote. Alibatizwa. Nami nilipotimiza miaka minane nikabatizwa. Tukapewa benchi la nyuma kabisa, sisi wawili peke yetu.

Mtoto wa nyumba ile aliitwa Kobus, na alinizidi umri kwa majuma machache tu. Mengine yote nilimzidi mimi. Mbio nilimshinda. Mpichi wa uani niliupanda hadi kileleni, yeye akikwama kwenye tawi la kwanza. Aya za maandiko nilizishika kwa kusikia tu, yeye akazisoma na bado zikamtoka. Bata bukini wa jirani alikuwa akimkimbiza barabara nzima, Kobus analia. Nilimpenda, msidhani vingine. Tulikula pamoja kwenye ngazi ya jikoni.

Sasa, kwa watu wale mvulana akifika miaka kumi na miwili hupewa ukuhani wa kwanza, akawa shemasi. Wanaume humwekea mikono kichwani, na Jumapili inayofuata hubeba sinia la mkate wa sakramenti kuwapitishia watu. Kobus akapewa. Jumapili ile alitokea na tai na shati jeupe linalometa, shati ambalo Baba yangu ndiye aliyelipiga pasi. Kanisa zima kimya. Kila alipofika watu waliinamisha vichwa, hata mama yake aliyekuwa akimfokea asubuhi ile kwa kutonawa shingo. Kwenye mabenchi mengine aliliachia sinia, likapita mkono kwa mkono. Kwetu hakuliachia. Alilishika, tukachukua vipande vyetu, akaondoka nalo. Nilitafuna mkate ule lakini sikuumeza upesi. Wivu wangu ulianzia hapo.

Nikajipa moyo kwamba zamu yangu inakuja. Siku yangu ya kuzaliwa ikafika, ikapita, kimya. Nikamfuata askofu. Kwao askofu si mtu wa kanzu. Huyu aliuza matairi siku za kazi. Alichutama mbele yangu, akanishika bega kwa upole, kama nesi aliyeficha sindano.

"Wewe ni kijana mzuri," akasema. "Lakini kwa watu wa damu yako Mungu hajaufungua ukuhani."

"Ataufungua lini?"

"Siku yake itafika."

Aliyenieleza sababu ni Kobus mwenyewe, amekaa kwenye lile tawi lake la kwanza anakula pichi bichi.

"Ni kwa ajili ya vita," akasema.

"Vita gani?"

"Vya mbinguni, kabla hatujazaliwa. Sisi tulipigana kweli upande wa Mungu. Nyinyi mlilegalega. Ndiyo maana mkazaliwa weusi. Mwalimu ametufundisha."

"Na wewe ulipigana?"

"Sana."

"Na nani, Kobus? Wewe unayekimbizwa na bata?"

"Kule nilikuwa shujaa."

"Basi shuka, shujaa. Nipige hapa nikuone."

Hakushuka. Alikaa juu hadi mama yake alipomwita kula.

Jumapili iliyofuata shujaa akaja na sinia lake. Baba alichukua kipande, mimi nikachukua changu. Kobus alipotaka kuondoka nikaukamata mshikio. Akavuta, nikavuta. Aliogopa kelele kuliko alivyoniogopa mimi, akaachia. Nikasimama nalo, nikavuka njia hadi benchi la upande wa pili, kwa mzee mmoja Mzungu aliyekuwa amefumba macho akiomba. Nikamsogezea. Akapapasa, akachukua mkate, akautia mdomoni. Ndipo akafumbua macho, akaniona. Taya zikasimama. Tukatazamana pale, mimi na yeye na ule mkate. Kisha akaendelea kutafuna. Kwani angefanyaje?

Kobus alikuja mwekundu mpaka masikioni. "Lete!" akanong'ona. Nikampa. Nilikuwa nimemaliza.

Baada ya ibada askofu alimwita Baba nje. "John," akamwambia. Baba aliitwa Ambakisye, lakini Wazungu walimpa jina jepesi la kuitia. "John, mwanao ameharibu ibada."

"Hakumwaga hata chembe, bwana askofu."

"Asikae tena karibu na njia."

"Atakaa upande wa ukutani, bwana."

Njiani nilikuwa nimeshaukaza mgongo kuusubiri mkanda. Tulipofika getini Baba akasimama, kofia mkononi.

"Lile sinia," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Lilikuwa zito?"

"Hapana, Baba. Jepesi."

"Jepesi kama nini?"

"Kama mfuniko wa sufuria yetu."

"Mh," akasema, akaingia kubadili nguo awalishe mbwa. Nikashukuru nimeponea chupuchupu, nikaenda kucheza.

Mlango ulifunguliwa Baba akiwa ameshazikwa Soweto. Wakuu wao huko Marekani walitangaza kwamba kila mwanamume anayestahili atapewa ukuhani, mweusi kwa mweupe, na siku hizi wenyewe wanazikanusha zile hadithi za vita na laana. Nami nikapewa, ndevu zimeanza kuota. Nilidhani wivu utaondoka. Haukuondoka. Leo kanisani kwetu watoto wa Kikongo wa kutoka Lubumbashi hubeba sinia huku wakiwaza mpira, nao nawaonea wivu vilevile, kwa kuwa wamepewa bila kuambiwa wangoje.

Lakini swali la Baba ndilo lililochukua miaka kuniingia. Nilidhani chumba kile cha uani kilikuwa na mwenye wivu mmoja. Kumbe tulikuwa wawili. Mtu mzima, mvi kichwani, Jumamosi anampigia mtoto pasi shati, Jumapili anainamisha kichwa apokee mkate kwa mtoto huyohuyo, na hakuwahi kulalamika mbele yangu. Aliuliza mara moja tu, getini, aliponiona mimi wa damu yake nimelishika sinia. Nami nikamjibu kitoto, kwamba alichonyimwa miaka yote ile ni kitu cha uzito wa mfuniko wa sufuria.

Ningekuwa na akili hii ya leo ningemwambia zito, Baba. Zito sana. Mikono inaniuma mpaka sasa.