Ulimi wa Bridgit

Nasambu wa Kawangware hakumwonea mtu wivu kwa pesa wala kwa mume. Wivu wake wote ulikuwa kwenye ulimi wa mtoto wake.

Mwaka huo wa 1994, kila asubuhi alimwacha Bridgit, wa miaka minne, kwa Seline, jirani Mjaluo wa ploti hiyohiyo, akaenda kuuza mitumba Soko la Toi. Jioni mtoto alirudi na Kijaluo kitupu. Akijaribu Kiswahili, shuka ilikuwa "suka", na sauti yake ilipanda na kushuka kama ya Seline. Kibukusu cha mamake hakikusikika. Yaani uchungu wa kuzaa aupate yeye, halafu mtoto atoke na kinywa cha mwenzake! Nasambu alichemka.

"Hiyo 'sh' huchelewa kwa watoto wengi," Wacera, mwalimu wa nasari, alimwambia. "Na lugha mbili haziharibu mtoto."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nasambu alimtoa Bridgit kwa Seline bila hata asante, akawa anashinda naye sokoni juu ya marobota. Bridgit akanyamaza kabisa. Akiulizwa, alitikisa kichwa tu. Mwanzoni Nasambu aliona ni ukaidi, lakini wiki ya pili aliogopa, akameza kiburi na kumrudisha.

Bridgit aliingia kwa Seline mbio, akajifunga leso na kumwokota mwanasesere wake wa matambara. Nasambu alibaki mlangoni. Mara akamsikia mtoto akisema Kibukusu, tena safi.

"Unashangaa nini?" Seline akamwuliza, macho yamemwiva. "Hapa kwangu ni hivyo kila siku. Mimi ndiye namlisha, mimi namwosha, lakini akicheza mama anakuwa wewe. Unadhani mimi siumii?"

Nasambu alishindwa kuficha furaha. Kumbe alikuwa ameshinda zamani! Akasogea ndani asikie vizuri mwanawe anasema nini kwa sauti yake.

"Nyamaza," Bridgit alikuwa akimwambia mwanasesere. "Nimechoka. Usinisumbue, lala."

Ilikuwa sauti ya Nasambu mwenyewe, hata ule mguno wa mwisho haukukosekana. Mtoto akamlaza mwanasesere chini, kisha akapanda mapajani mwa Seline na kumwomba, kwa Kijaluo, amwimbie.