Sauti Isiyoegemea

Watu wa ndani ya sentensi walikuwa wameanza kumtembelea hata mchana. Alipokuwa akianua nguo, shangazi fulani asiye na sura alipita nyuma ya shuka jeupe, akimlalamikia mama mkwe ambaye naye hakuwa na sura. Na yule mwanamke, aliyeitwa Redio tangu utotoni kwa jinsi alivyopenda kusoma kwa sauti, akasimama na vibanio mkononi akiwasikiliza, kama mtu asikilizaye mvua ya mbali. Pengine kazi yake ndiyo iliyomfanya hivyo. Pengine alizaliwa hivyo, kazi ikamkuta njiani.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwasomea mitihani watahiniwa wasioona. Ukiitazama juujuu ni nyepesi: soma swali, soma majibu manne, andika herufi aliyoichagua mtahiniwa. Ugumu ulikuwa kwenye karatasi ya sarufi, hasa yale maswali yanayouliza "yeye" ni nani, au nahau fulani ina maana gani. Hapo msomaji hana ruhusa ya kuonyesha, kwa pumzi wala kwa kituo, kwamba anaelekea upande wowote. Na Redio alikuwa na sauti inayoshika upande. Akisoma "alivunjika moyo", msikilizaji hakuhitaji kamusi. Moyo ulisikika ukivunjika.

Mumewe, fundi wa kufuli, alimpima kila jioni akiwa amempa mgongo, tupa yake ikikwaruza ufunguo uliobanwa mezani.

"'Kaka alimweleza mjomba kwamba anahitajika ofisini,'" Redio akasoma.

"Anayehitajika ni mjomba."

"Umejuaje?"

"Umemhurumia. Ulipofika kwake sauti ikalainika kama bawaba iliyotiwa mafuta."

"Mzee wewe, una visa! Mbona nimesoma kawaida?"

"Kawaida yako, mke wangu, ni kuimba." Akapuliza unga wa chuma. "Mimi mtu akiniletea ufunguo nimchongee mwingine, siulizi mlango ni wa nani wala ndani kuna nini. Naufuata ufunguo, basi."

Siku ya mtihani waliwekwa katika chumba cha maabara kisichotumika, ambamo mapazia ya rangi ya chai yalivuta mwanga na kuurudisha polepole, kana kwamba chumba kizima kilikuwa usingizini. Mtahiniwa alikuwa mpokea simu wa hospitali, mwanamke aliyekwisha kuvuka umri wa shule. Chuo cha ualimu kilikuwa tayari kumpokea kwa sharti moja, afaulu karatasi hii; na kwa umri wake, mwaka huu ndio uliokuwa wa mwisho kuomba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Una sauti nzuri. Tafadhali leo usiitumie."

Hata msimamizi alicheka. Kisha akarudisha uso wake wa kazi na kuwakumbusha kanuni: kinasa sauti kitasikilizwa, msomaji akiashiria jibu, karatasi ya mtahiniwa inafutwa, isipokuwa msomaji ajisahihishe papo hapo, naye jina lake liandikwe. Akabonyeza kitufe.

Walikwenda vizuri, swali kwa swali, mpaka Redio alipofungua ukurasa na kumkuta shangazi akimsubiri.

"'Shangazi alimwambia mama mkwe kwamba mwanawe amempa kisogo.' Mwana anayetajwa ni wa nani?"

Lilipofika neno "mwanawe", alimwona shangazi yule nyuma ya shuka, mabega yakimdondoka, na uchungu ukaponyoka kooni kabla hajauzuia. Akamalizia majibu: A, wa shangazi, B, wa mama mkwe, C, wa wote wawili, D, sentensi haionyeshi.

"A," mtahiniwa akasema. Vidole vyake vikagongagonga meza. "Hapana, ngoja kwanza."

Kalamu ya Redio ikabaki hewani. Alijua ni yeye aliyemsukuma. Angeweza kunyamaza, huenda wasikilizaji wa kinasa sauti wangesinzia mahali hapo. Lakini kama wasingesinzia, ualimu wa mwenzake ungeishia katika neno moja.

"Msimamizi," akasema, "usomaji wangu umeegemea. Naomba niurudie."

Msimamizi akainua macho, akaandika jina lake.

Redio akafumba macho kidogo, akasikia tupa ikikwaruza. Akaisoma tena akiyafuata maneno tu, asiulize mlango ni wa nani. Ajabu ni kwamba wale wanawake hawakuondoka. Walikaa kitako, wamelingana, mikono mapajani, na mtoto alisimama katikati yao asiwe wa yeyote.

"Mara nyingine," mtahiniwa akaomba.

Akarudia vilevile.

"D. Sentensi haionyeshi."

Redio aliandika D, akijihadhari hata kalamu isiharakishe.

Swali lililofuata lilitaka maana ya "kumpa mtu kisogo". Mtahiniwa hakusubiri majibu yaishe. "Kumpuuza. Hilo nalijua, chuo kilinifanyia mwaka jana."

Baada ya hapo Redio hakuitwa kusoma mitihani kwa muda mrefu, na mara nyingi alijiuliza kama alikuwa ameokoa kitu au ameharibu kingine. Kisha alasiri moja mpokea simu akabisha hodi kwenye karakana ya mume wa Redio, fimbo yake nyeupe mkono mmoja, bahasha iliyofunguliwa mkono wa pili.

"Dada, wamenichukua! Karani amenisomea, lakini kama anasoma bei ya saruji. Nisomee wewe." Akaketi kwenye kigoda, akajiweka sawa. "Na leo, tafadhali, egemea utakavyo."

Tupa ikanyamaza. Redio akaikunjua barua, akakohoa kidogo, akaanza.