Safu ya Jina la Nyumbani

Mpaka leo, mwanangu, jua la saa nane likinikuta nimeketi, ofisi ile ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma hunirudia: mabati yakilia kwa upepo, vumbi likielea mbele ya skrini, nami mwaka wa 2012, msichana mwenye haraka zake.

Tulikuwa tukiandikisha watu waliopotezana njiani. Programu yenyewe ilikuwa rahisi. Unapanga visanduku kwa mausi, kisha kila safu unaiambia kimoja kati ya viwili: ihifadhi ulichoandika, au ijikokotolee yenyewe kila ukifungua ukurasa. Umri, kwa mfano, tuliuacha ukokotolewe. Ukiuhifadhi, mtoto atabaki na miaka sita hadi aote ndevu!

Sasa kulikuwa na safu ya jina la nyumbani. Nusu yake tupu, iliyobaki imejaa majina ya ng'ombe. Ilinikera. Nikaona afadhali mashine iunganishe tu jina la mtu na la babake. Kubadilisha hivyo kungefuta yote yaliyokuwemo.

"We, toa mkono hapo!" Alikuwa Mama Ekai, mkubwa wangu wa kazi, mtu wa Nawoitorong kule Lodwar. Alipokasirika sauti yake ilishuka, na hapo ndipo ulipoogopa. "Baba yako anaitwa nani?"

"Joseph."

"Na akiwa na mifugo yake?"

"Apaloreng." Yaani mwenye yule dume mwekundu. Hata mama hamwiti vingine.

"Haya, ambia mashine yako itoe Apaloreng kwa Joseph."

Niliona haya, weee! Nikaiacha safu ilivyo.

Siku chache baadaye akaingia Achol, muuza chai kutoka Sudan Kusini. Alipotezana na mdogo wake vitani, mtoto akiwa bado anachunga ndama.

"Ejok," alisema, salamu aliyoiokota kwetu wenyeji. "Mimi natafuta ndugu yangu. Nyinyi andika yeye?"

Nikatafuta jina alilozaliwa nalo. Hakuna. La baba yao, hakuna. Achol akaanza kukusanya shuka lake aondoke, na moyo wangu ukaniuma.

"Nyumbani mlimwitaje?"

Akatabasamu kwa mbali, kana kwamba anaisikia harufu ya zizi. "Majok. Ndama yake nyeusi na nyeupe."

Safu ile ikatoa mtu mmoja: John, fundi baiskeli, mwenye jina la pili la mzee aliyemlea.

Tulimkuta sokoni ameinamia gurudumu, mwanamume mzima. Achol alimtazama asimjue. Kisha akaita, polepole, kama anayeita katika usingizi: "Majok?"

Spana ikamponyoka mkononi.

Basi nisikilize, wewe unayeunda hifadhidata leo. Kinachoweza kuhesabiwa, iachie mashine ikihesabu. Lakini alichokupa mtu kwa kinywa chake, kisichopatikana kwingine, kihifadhi kama kilivyo, hata kikikuharibia mpangilio. Na kabla hujafuta safu, jiulize ni nani atakuja kuitafuta.

Mungu akutunze, mwanangu. Na siku ukipotea, akuwekee mtu anayejua unavyoitwa nyumbani.