Supu ya Kuongeza Askari

Zadock Were alikuwa fundi wa kuchonga mawe. Kama ulipita katikati ya jiji la Nairobi miaka ya sitini ukaona ukuta wa mawe uliopigwa tindo ukapendeza, huenda mkono wake ulipita hapo. Mwajiri wake, Harbhajan Singh, hakuwa mtu mbaya. Kila adhuhuri aliwagawia wachongaji maziwa, pakiti ya pembetatu kwa kila mtu, ili yaoshe vumbi kifuani. Matajiri wote wa ujenzi walifanya hivyo, na mafundi wote waliamini. Siku maziwa yasipokuja, tindo ziliwekwa chini.

Mwaka wa 1969 Zadock alianza kukohoa. Sisi majirani zake wa Kabiria tulimsikia kupitia mabati, tukasema ni baridi ya Julai. Julai ikaisha, kikohozi kikabaki. Mkewe, Peres, mama wa binti yao Phoebe, mwanamke asiyependa kuzungushwa, akamburuta hadi kwa Daktari Nasim karibu na Adams Arcade. Akapigwa picha ya kifua. Daktari aliposikia habari za maziwa alicheka kidogo.

"Maziwa inaenda tumbo, Bwana Were. Haifiki mapafu hata siku moja."

"Sasa nani anaosha huko?"

Nasim akamweleza. Ndani ya mapafu mna chembe hai zinazotembea, nazo ndizo askari wa kifua. Vumbi likiingia wanalimeza, kisha wanapandishwa pamoja na kohozi mpaka kooni. Wakifa, wengine hushika nafasi zao. Kuna wanaozaliana humo humo mapafuni, na kuna wanaoletwa na damu, ambao asili yao ni uboho wa mifupa. Wa huku ni wangapi na wa kule ni wangapi, madaktari wenyewe walikuwa bado wanabishana. Lakini vumbi la jiwe, alisema, humuua askari anayelimeza. Akamwambia aache ile kazi.

Sikio la kufa halisikii dawa. Zadock aliondoka na neno moja tu, uboho. Ikiwa askari wanazaliwa kwenye mifupa, basi dawa ni kuilisha mifupa. Tangu hapo Peres akawa anachemsha mifupa ya ng'ombe sufuria nzima, mtaa ukanukia, naye Zadock akainyonya mpaka ungeweza kuipiga filimbi. Asubuhi akabeba tindo zake akaenda kazini. Mimi nilimkasirikia, na hasira hiyo bado ninayo. Lakini ungemwambia nini mtu aliyekuwa ananenepa? Watu walimsifu afya. Mafundi wenzake nao wakaanza supu, maziwa yakabaki ya kushushia.

Mwaka wa 1972 alishindwa na ngazi. Jengo lilikuwa la ghorofa nne, yeye akakaa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, mdomo wazi, akitafuta pumzi. Harbhajan alimpakia kwenye pikapu yake mwenyewe, akampitia Peres, wakaenda kwa Nasim.

Daktari alizitundika picha mbili, ya zamani na mpya. Zadock ndiye aliyeanza.

"Supu nimekunywa, Daktari. Hao askari sasa lazima wako wengi."

"Hawajawahi kuwa wachache, Bwana Were. Mmoja akikufa, ile jiwe alimeza inatoka, mwingine anakuja anameza hiyo hiyo, na yeye anakufa. Mahali wanakufia panabaki kovu. Hiyo nyeupe yote unaona hapa ni kovu."

Peres akauliza, "Na Baba Phoebe akiacha kazi leo?"

"Aache. Jiwe mpya haitaingia. Lakini ile iko ndani haitoki, na askari wataendelea kuzaliwa, wataendelea kuimeza."

Zadock aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kama fundi anavyokagua ukuta wa mwenzake.

"Kumbe mimi naacha," akasema, "wao hawaachi."

Aliacha kweli, siku ile ile. Harbhajan alimbembeleza akae awe wa kusimamia tu, akakataa. Tulidhani atapata nafuu. Badala yake mwaka baada ya mwaka pumzi ilipungua, hata kufunga kamba za viatu kukawa kazi ya Peres. Alifariki mwaka wa 1978, akiwa ametimiza miaka sita bila kugusa jiwe.